Ukija Kilwa Kumkomboa Mkulima
Mwongozo kwa mgeni mwenye nia njema na gari la mradi

Kama unausoma mwongozo huu ndani ya gari jeupe lenye antena ndefu, basi umeshavuka Daraja la Mkapa, na dereva ameshakusimulia kwamba kabla ya 2003 hapa palikuwa na pantoni ya Ndundu, na masika yakichachamaa watu walilala ng'ambo siku tatu na kuku wao. Mwitikie vizuri. Atakusimulia tena mkirudi.

Umekuja kwa sababu umeambiwa mambo mawili: kwamba mkulima wa huku ameng'ang'ania zao moja, na kwamba hana soko. Yote mawili yamo kwenye andiko la mradi, na andiko limeshasainiwa, kwa hiyo hayawezi tena kuwa uongo. Mimi ni mzaliwa wa Kipatimu. Nimekula posho za miradi saba, mara kama mwezeshaji, mara kama mkalimani, mara kama mbeba projekta. Nayaandika haya ili usiaibike mapema. Kuaibika utaaibika, ila kila jambo na msimu wake.

Kabla ya kufika

Soma historia kidogo. Usisome sana, usije ukageuza gari Nangurukuru.

Mfadhili wa kwanza wa Kilwa ambaye habari zake zimeandikwa ni Sultani al-Hasan ibn Sulaiman. Msafiri Ibn Battuta alifika Kilwa Kisiwani mwaka 1331 akakuta watu wanamwita Abu al-Mawahib, yaani baba wa zawadi. Anasimulia kwamba siku moja, baada ya swala ya Ijumaa, fakiri alimsimamisha sultani njiani akamwomba nguo zile zile alizovaa. Sultani akaingia ndani, akazivua, akampa. Likumbuke hilo utakapogawa fulana za uzinduzi. Mwenzio alitoa za mwilini mwake, na hazikuwa na nembo mgongoni.

Mradi mkubwa wa zao jipya ulikuja baadaye sana, nao ulikuwa wa pamba. Mwaka 1902 serikali ya Kijerumani, chini ya Gavana von Götzen, iliagiza yaanzishwe mashamba ya pamoja ya vijiji. Ukiutazama kwa jicho la andiko, mradi ule haukuwa na kasoro. Zao lilikuwa geni, soko lilikuwa la uhakika huko Ulaya, na usimamizi ulikuwa karibu mno na mkulima, kwani akida na jumbe walisimama pembeni ya shamba na kiboko mkononi. Kitu kimoja tu kilisahaulika: siku za kuhudumia pamba zilikuwa siku zile zile za kuhudumia chakula. Tathmini ilifanyika Julai 1905 huko Nandete, katika milima ya Matumbi. Wanakijiji waliingia shambani wakang'oa mashina ya pamba. Hiyo ndiyo tathmini shirikishi ya kwanza ninayoijua katika wilaya hii, na matokeo yake yanaitwa Vita vya Maji Maji.

Hapo sitanii tena. Kinjikitile wa Ngarambe, mganga wa maji ya vita hivyo, alinyongwa Mohoro mwanzoni mwa Agosti mwaka huo huo. Waliokufa baada yake, wengi wao kwa njaa iliyokuja Wajerumani walipochoma mashamba na maghala, wanahesabiwa kwa makumi ya maelfu, na wako wanaosema ni mamia ya maelfu. Ukimwona mzee wa Matumbi anakaa kimya unaposema neno "zao jipya", usidhani hajasikia.

Waingereza walijifunza, wakaleta zao ambalo watu walikuwa wanalijua: karanga. Mwaka 1946 wataalamu wakiongozwa na John Wakefield walizunguka kwa wiki tisa, sehemu kubwa wakiwa ndani ya ndege, wakarudi na hesabu ya ekari zaidi ya milioni tatu. Kazi ikaanza 1947. Kwetu kusini ilikuwa Nachingwea. Vifaru vya vita viligeuzwa matrekta, bandari ikachimbwa Mtwara, reli ikatandikwa porini ikizisubiri karanga zipande behewa. Januari 1951 Waingereza walitangaza kuachana na mpango, na pauni milioni 36 zikafutwa kwenye vitabu vyao. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 reli nayo iling'olewa. Miaka yote hiyo bibi yangu alikuwa na matuta mawili ya karanga nyuma ya jiko, na hakuwahi kukosa za kuungia mboga.

Mkutano wa kwanza

Usiitishe mkutano Januari wala Februari. Huo ni wakati wa kupanda ufuta, na mvua haisubiri ratiba ya mradi. Usiitishe Ijumaa mchana. Ukisema saa nne, njoo saa nne, kaa chini ya mwembe, watu watafika saa sita na kukukuta umeshasalimiana na wazee, jambo ambalo ungelisahau kama wangewahi.

Anza na shikamoo. Projekta ibaki garini.

Kikundi cha wakulima kitaundwa ndani ya robo saa. Utashangazwa na umoja wa watu hawa. Usishangae sana, kikundi hicho kina miaka kumi na mitano. Kilianza kikiwa cha nyuki, kikawa cha kuku wa kienyeji, kikawa cha mwani, kikarudi kwenye nyuki. Jina hubadilika, katibu ni yule yule na muhuri ni ule ule. Wala usiwaite wajanja. Wamejifunza kulima zao moja ambalo halihitaji mvua, nalo ni mradi.

Chunga maneno. "Wadau" si neno baya, litumie, wamelizoea. Lakini ukifika Kilwa Kivinje usiwaambie watu kwamba umekuja kuwaingiza kwenye mnyororo wa thamani. Mji ule ulikuwa mwisho wa njia ya misafara ya watumwa kutoka upande wa Ziwa Nyasa. Neno mnyororo huku bado lina watu ndani yake.

Kujaza fomu

Fomu yako ina swali la tatu lisemalo: "Zao kuu la kaya ni lipi? (chagua moja)". Nitakueleza yaliyompata mwenzako.

Alikuwa kijana mzuri, mpole, ana kishikwambi kipya. Tulimkuta bibi mmoja wa kule kwetu milimani amekaa kwenye mkeka anabangua korosho za kula. Tukasalimiana, tukapewa machungwa, maana Kipatimu huondoki bila chungwa. Kijana akauliza swali la tatu.

"Zao kuu la mwezi gani, mwanangu?"

Kijana akasema la mwaka mzima.

Bibi akaweka kisu chini. "Mwezi wa pili zao kuu ni muhogo na majani ya kunde, maana hakuna kingine. Mwezi wa sita ni ufuta. Wa nane ni mbaazi. Wa kumi ni korosho, kama ubwiriunga haujaila maua. Mpunga ni wa bondeni, huo si wa kuuza, ni wa wageni kama nyie. Mtama ni wa ndege. Na mtu akifa zao kuu ni nazi, kwa sababu wali wa msiba hauliki bila tui."

Kijana akatazama kioo. Kulikuwa na nafasi ya jibu moja. Akabonyeza "Hajui".

Nenda ukalione shamba lenyewe kabla ya kuchora ramani yake. Kwa macho ya mtu wa mjini ni kichaka. Juu kuna minazi na mikorosho ya babu, katikati michungwa, chini muhogo, na katikati ya muhogo kunde zinatambaa na maboga yamejificha kama mayai ya kanga. Mbaazi ziko pembezoni. Ufuta uko peke yake kwenye shamba jipya lililofyekwa, kwa sababu ufuta haupendi kivuli. Kila mmea pale ni jibu la swali fulani: mvua ikikatika Februari, bei ikianguka, nguruwe pori wakipita, ng'ombe wa wafugaji wakiingia usiku, mtoto akichaguliwa kwenda sekondari. Mkulima huyu hakusubiri uje umfundishe kuchanganya mazao. Amechanganya mpaka kivuli.

Kuchagua zao la mkombozi

Hata hivyo umetumwa kuleta zao, na zao lazima ulilete. Nakushauri uchague lile ambalo bei yake mwaka jana ilikuwa juu sana. Ndivyo wanavyofanya wote.

Mbaazi ni mfano mzuri. Katikati ya miaka ya 2010 India ilikuwa na njaa ya mbaazi, na kilo moja huku kusini iliwahi kupita shilingi 2,000. Wataalamu wakatuambia mbaazi ni dhahabu: inastahimili ukame, inarutubisha udongo, soko halina mwisho. Yote yalikuwa kweli isipokuwa la mwisho. Agosti 2017 India ikawekea kikomo mbaazi zinazoingia nchini mwake, kwa kuwa wakulima wake nao walikuwa wamevuna sana. Bei huku ilianguka kama nazi, na sehemu nyingine kilo haikufikisha shilingi 200. Waliokuwa na mbaazi pembezoni mwa shamba walizila kwa wali, wakacheka. Waliokuwa wamegeuza shamba zima kuwa mbaazi, kwa ushauri wetu, hawakucheka. Mimi ndiye niliyekuwa nikitafsiri ushauri huo. Njia ya kwenda kwenye kijiji kimoja nimeikwepa miaka kadhaa.

Kuna mambo ya kitaalamu yanayosaidia kweli, na hayo usiyadharau. Pale Naliendele, Mtwara, watafiti wametoa mbegu za ufuta zinazofaa udongo wa kwetu, na majina yake wakulima wanayajua kama majina ya shemeji zao: Naliendele 92, Ziada 94, Lindi 02. Ukimletea mtu mbegu safi mwezi Desemba, kabla mvua haijakolea, atakushukuru. Ukimletea Machi, baada ya fedha za robo ya tatu kuingia, atazipokea kwa adabu na kuzikaanga.

Kuhusu soko

Sasa tufike kwenye shida kubwa, kwamba mkulima hafikiwi na soko.

Ndugu yangu, soko linamfikia mkulima hadi mlangoni, tena usiku, kwa bodaboda. Linafika mwezi wa pili na wa tatu, wakati ghala la ndani limebaki vumbi, muhogo mpya haujakomaa na mtoto amerudishwa nyumbani kutoka shule kwa sababu ya sare. Linabisha hodi, linatoa noti, linasema: chukua hii leo, ufuta ukiiva utanipa gunia. Kwenye korosho tunaliita kangomba, kwenye ufuta wengi wanaliita chomachoma. Serikali inalikataza na inawakamata wahusika, lakini msimu ujao lina bodaboda mpya.

Utasema mkulima anapunjwa kwa kuwa hana elimu. Kaa naye usiku mmoja. Anajua anapunjwa shilingi ngapi kwa kila kilo. Anajua pia kwamba hakuna benki itakayopiga hodi saa mbili usiku na kumkopesha debe la mahindi bila hati ya nyumba. Anauza ufuta wa Juni kwa bei ya Februari, na mlo wa Februari hana anapoweza kuununua kwa pesa za Juni. Kama mradi wako una fedha za kufanyia jambo moja tu, lifanye Februari. Lakini najua Februari mnakuwa kwenye mapitio ya bajeti.

Ufuta wenyewe hausubiri mapitio. Majani ya chini yakianza kuwa ya manjano, unaukata, unaufunga matita, unayasimamisha kwenye chanja juu ya turubai. Siku zinapita, maganda yanapasuka kuanzia chini. Kisha unalichukua tita moja moja kama mtoto mchanga, unaligeuza kichwa chini, unalipiga kidogo kwa kijiti. Unasikia sauti kama mvua ya kwanza kwenye makuti. Ukichelewa siku tatu, mvua hiyo inanyesha shambani na wanaovuna ni ndege. Hakuna anayefanya kazi hiyo akakosa kujua thamani ya punje.

Na punje hizo zina mnada. Tangu 2018 ufuta wa Lindi huuzwa kwa stakabadhi ghalani: unapeleka kwenye chama cha msingi, unapimiwa, unapewa karatasi, mzigo unaingia ghalani, wanunuzi wanashindana bei. Nenda siku moja ukae nyuma. Bei zinasomwa mbele ya watu, ya juu na ya chini, kisha kunakuwa kimya. Halafu sauti zinapanda: "Tumekubali!" au "Hatuuzi!" Nimewaona wanaume ambao hawajawahi kusikilizwa ofisini popote wakikataa mamilioni kwa neno moja, na karani akaliandika. Wanalalamika kuhusu makato, wanalalamika kuhusu malipo kuchelewa, na kwa yote mawili wana haki. Lakini muulize yeyote kama anataka kurudi zamani, wakati bei ilikuwa siri ya mwenye lori.

Usiwaeleze hao maana ya soko kwa kuchora mishale ubaoni. Mwaka 2018 wanunuzi wa korosho walipotaka kununua kwa bei ya chini, serikali ilitangaza itanunua yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na malori ya jeshi yakaja kubeba. Watu wa huku wameona soko limevaa kanzu, limevaa suti na limevaa magwanda. Na liliposhindwa kabisa kuwafikia, vijana walilifuata kwa miguu. Inasemekana neno machinga lenyewe limetoka kwa Wamachinga wa Lindi, waliokwenda Dar es Salaam wakatembeza bidhaa mikononi. Jiji zima linaita kazi hiyo kwa jina la jirani zangu, halafu wewe umekuja kuwafundisha biashara.

Barabara nayo ni sehemu ya bei. Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilipopita, barabara ya Lindi kwenda Dar es Salaam ilikatika sehemu kadhaa humu Kilwa, na malori yalipanga mstari yakitazamana na mto. Chungwa la Kipatimu halijui kusubiri. Ukilikuta limeoza kando ya njia, usiandike kwamba mkulima anahitaji mafunzo ya kuongeza thamani. Andika kwamba kalavati limechukuliwa na maji.

Kuandika ripoti

Andika kwamba wakulima 240 wamefikiwa. Ni kweli, umewafikia kwa gari. Piga picha ya mama ameshika tita la ufuta, lakini muombe kwanza ruhusa, na umwambie picha inakwenda wapi. Atakuuliza kama huko inakokwenda wananunua ufuta.

Usiandike habari ya mizani. Mimi nitaiandika hapa, kwa sababu haina pa kukaa.

Mradi mmoja, ambao jina lake nalihifadhi, ulibakiwa na fedha wiki mbili kabla ya kufungwa. Fedha zisipotumika zinarudi, na fedha zikirudi bosi anakasirika. Mhasibu akakimbia mjini akanunua mizani ya kilo mia moja na nyingine ndogo ya kilo kumi. Haikuwa kwenye andiko. Tukaiweka kwenye baraza la ofisi ya kijiji, tukafunga mizigo.

Lazima ujue kwanza jinsi watu wanavyopunjwa huku. Kuna lumbesa, gunia linalojazwa hadi mdomoni kisha likashonewa kilemba, likawa gunia na nusu kwa bei ya gunia. Na kuna kopo. Mchuuzi huliacha kopo lake kwa mtu mmoja kijijini anayemkusanyia ufuta mdogo mdogo, wa kina mama wanaotafuta pesa ya chumvi na mafuta ya taa. Kopo moja ni kilo moja. Kila mtu anajua hivyo, kwa kuwa mchuuzi amesema hivyo.

Asubuhi ile aliyefika wa kwanza alikuwa mama aliyekuwa akiliweka kopo hilo nyumbani kwake. Alilileta chini ya kanga. Lilikuwa kopo la maziwa ya unga, kitako chake kimegongwagongwa kwa ndani mpaka kimetokeza nje kama tumbo la mtoto aliyeshiba. Akalijaza ufuta, akalisawazisha kwa kiganja, akaumimina kwenye ile mizani ndogo. Mshale ukapita kwenye moja, ukatulia kwenye moja na robo.

Akaurudisha ufuta koponi. "Tena," akasema.

Moja na robo.

Wenzake walikuwa wameshafika, wamesimama nyuma yake, hakuna aliyesema kitu. Akachuchumaa, akaokota vijiwe, akavipanga mavumbini kimoja kimoja. Kopo moja, robo ya bure. Mbili, nusu. Alipoweka cha nne akanyanyua uso.

"Kila kopo nne, kilo ya tano anakula bure."

Semina fupi kuliko ile sijapata kuhudhuria. Haikuwa na posho wala soda, na hakuna aliyesinzia. Mchuuzi alipokuja wiki iliyofuata alikuta kopo lake limeegeshwa mlangoni, limejaa maji ya kuku.

Katika ripoti ya mwisho ya mradi, kurasa 64 zenye picha za rangi, mizani imo. Iko ukurasa wa 61, chini ya kichwa kisemacho "Mengineyo".